Kwa Nini Uso wa Simba Ukiondolewa Rangi Hufanana na Mchoro?

Wageni wengi wa Kituo cha Wanyama Yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964 karibu na lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hurudi nyumbani na picha za aina moja: simba mzima amelala nyuma ya wavu wa waya, nyasi za kijani zimemzunguka. Mwingine aliyesimama papo hapo huondoka na jicho moja na nusu ya pua, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na anayeitazama picha hiyo huchukua kitambo kabla ya kutambua kwamba ni simba. Je, tofauti hiyo hutoka wapi?

Rangi na umbo zima hutusaidia kumtaja mnyama upesi, na tukishamtaja hatumwangalii tena. Mpiga picha anapoikata picha hata masikio yakabaki nje, kisha akaiondoa rangi, jicho hukosa jina la kushikilia, likabaki kufuata mwanga, kivuli, mikunjo ya ngozi na mpangilio wa sharubu.

Ndiyo maana mwanga una uzito kuliko kamera yenyewe. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi na kuyageuza macho ya mnyama kuwa mashimo meusi. Asubuhi, jua likiwa bado chini, miale huja kwa ubavu na kila unywele hutupa kivuli chake. Mawingu ya Julai huleta mwanga laini unaopendeza machoni, lakini hufifisha mikunjo, nami kwa picha za dhahania, yaani zinazoonyesha mistari na vivuli badala ya mnyama mzima, singeyachagua.

Mandharinyuma meusi hayahitaji kitambaa. Mnyama akisimama ukingoni mwa kivuli, uso wake ukiwa juani na banda likiwa gizani, kamera iliyoachiwa uamuzi hujaribu kuling'arisha giza lile. Mpiga picha akipunguza mwangaza kwa hatua moja au mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), banda hutoweka na uso hubaki peke yake. Wavu nao hupotea iwapo lenzi ndefu, tuseme ya milimita 300, imefunguliwa kwa upana tundu lake la kupitisha mwanga, waya uko karibu na lenzi, na mnyama yuko mbali nao. Waya unaopigwa na jua, hata hivyo, huacha ukungu mweupe, kwa hiyo afadhali kutafuta sehemu iliyo kivulini, bila kuvuka kizuizi cha wageni.

Kazi ya mwisho ni ya kompyuta. Manjano ya simba na kijani cha nyasi huweza kuangukia kijivu kilekile, lakini kwa kuwa manyoya yake huakisi mwanga mwekundu zaidi kuliko nyasi, kuongeza uzito wa wekundu wakati wa kubadilisha picha kuwa nyeusi na nyeupe humng'arisha simba na kuzitia nyasi giza.

Duma hurahisisha mambo, kwani michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni ni mchoro tayari. Pundamilia, ambaye wengi humkimbilia kwa sababu hiyohiyo, mimi humwona mgumu zaidi: jicho lake jeusi humezwa na milia, na mpiga picha hulazimika kumsubiri mpaka ageuze kichwa na nukta ya anga ionekane katika mboni.