"Hata Yule Maarufu Kashindwa, Sembuse Mimi?"

Mwezi huu swali hilo nimeulizwa mara nne. Wa mwisho alikuwa mama muuza samaki wa Feri, mwanafunzi wangu wa jioni hapa Chuno, Mtwara, anayejiandaa na QT, ule mtihani wa maarifa wa waliokosa sekondari. Wote wamerushiana kwenye simu vipande vya shindano moja la televisheni la Marekani, Are You Smarter than a 5th Grader?, lililoanza 2007. Mtu mzima, mara nyingine msanii, anaulizwa maswali ya shule ya msingi huku watoto wamekaa kwenye madawati pembeni. Kinachowavunja mbavu zaidi ni kipande cha mwimbaji Kellie Pickler: aliulizwa Budapest ni mji mkuu wa nchi gani ya Ulaya, akajibu kwamba yeye alidhani Ulaya yenyewe ndiyo nchi.

Wanacheka, kisha wananyamaza, kisha mmoja anasema: "Basi mwalimu, vichwa vyetu sisi ndiyo vimeshakufa kabisa."

Havijafa! Nimechoka kulisema hili. Watu wameshika kwamba aliyesahau hakuwahi kujua, au alijua lakini kimefutika na sasa lazima aanze sifuri. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilichunguza jambo hili kwa kujipima mwenyewe, akachapisha matokeo 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, na saa moja tu baadaye zaidi ya nusu ilikuwa imeyeyuka. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu, wakati utamu unaanzia hapo. Yeye alipima kwa kujifunza upya orodha ileile na kuangalia ameokoa muda kiasi gani. Hata baada ya mwezi mzima aliokoa takribani sehemu moja ya tano. Na hizo zilikuwa silabi za upuuzi, si hesabu ulizochapiwa fimbo miaka saba.

Nilimwandikia yule mama ubaoni: nusu gawanya kwa robo. Akasema hajui, ameacha shule zamani. Nikaigeuza ile robo, sikusema neno. Akaniangalia. "Kumbe unageuza ya pili, halafu unazidisha!" Maswali manne yaliyofuata aliyamaliza kabla chai yangu haijapoa. Mtu anayeanza sifuri hafanyi hivyo.

Halafu wale watoto wa kwenye televisheni. Eti wana akili kuliko wakubwa. Watayarishaji wenyewe walitangaza kwamba watoto hao hupewa mapema vitabu vya mazoezi, na baadhi ya yaliyomo huweza kutokea kwenye maswali. Ndiyo kusema mmoja katoka kudurusu juzi, mwingine hajagusa daftari miaka ishirini, na mataa yanamwaka usoni. Hapo akili inapimwaje?

Wanaocheka sana huwa nawauliza kuhusu yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria wetu. Kila mtu wa Lindi na Mtwara anajua yuko Berlin, na wengi wanataka arudishwe. Haya, Wajerumani walichimba pale miaka gani? Kimya. Ni 1909 hadi 1913. Sijamwita mtu mjinga, ingawa nimetamani.

Ninachogombana nacho zaidi darasani ni kusoma daftari mara kumi kama anayesoma uradi, kwa kalamu za rangi tatu. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliokisoma mara moja kisha wakakiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja wakawa nyuma, 42 kwa 56. Hiyo 81 ndiyo inayowadanganya nyie usiku wa kuamkia mtihani. Funika daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha ndiyo ufunue ujisahihishe. Sina dawa nyingine, msinipigie simu kuiomba.

Kuna wanaosema shindano lile halishindiki. Wapo walioshinda: Kathy Cox, mkuu wa elimu wa jimbo la Georgia, alichukua dola milioni 1 mwaka 2008, na 2009 akafuata George Smoot, mwenye Nobel ya fizikia. Wengine wanasema washiriki wote hupewa majibu. Kupewa majibu kulitokea kweli Marekani miaka ya 1950, kwenye shindano jingine la televisheni, Twenty-One. Mshiriki wake Charles Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge 1959, na 1960 sheria ikafanya udanganyifu huo kuwa jinai.

Wengine huniambia: "Msanii hajui hesabu na ana gari." Ana meneja, mhasibu na mwanasheria. Wewe msimu wa korosho ukifika unasimama peke yako mbele ya mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na makato ya kila kilo unayapiga mwenyewe au unapigwa.

Tena Pickler aliulizwa kwa lugha aliyonyonya. Wanafunzi wangu walimaliza la saba kwa Kiswahili, na karatasi nyingi za QT ziko kwa Kiingereza. Mara ngapi nimeona jibu analo, ila swali ndilo hakulielewa!

Yule mama nimempa karatasi tupu. Jumatatu airudishe imejaa, na akikosea nusu yake, nusu hiyo ndiyo tutakayoanza nayo.