"Tangu Mradi Uje, Hali Imebadilika": Dhana Potofu Kuhusu Utafiti wa Afya na Maendeleo ya Jamii

Utafiti wa afya na maendeleo ya jamii unapotoshwa na watu wa aina mbili: wanaoukataa kabisa, na wanaoutumia kama mhuri wa kupitisha walichokwisha kuamua. Wa kwanza ndio wanaosikika zaidi. Kwa maoni yangu, wa pili ndio wenye hasara kubwa, maana wao ndio wanaoandika maombi ya fedha, kusimamia miradi na kutia saini ripoti. Dhana zifuatazo zinatoka kote kuwili, na naanza na ile inayozaa nyingi kati ya zilizobaki.

"Hali imeboreka baada ya mradi, basi mradi umefanya kazi"

Sentensi hii imo katika ripoti nyingi sana, na peke yake haithibitishi lolote. Mradi ukiendelea, mengine nayo yanaendelea: mvua inanyesha au inakosa, bei zinapanda, shule inafunguliwa, ugonjwa wenyewe unafika kileleni kisha unashuka. Swali linalotakiwa ni hili: hali ingekuwaje kama mradi usingekuja?

Mfano unaopendwa madarasani ni wa daktari John Snow, aliyeamini kuwa kipindupindu huenezwa na maji machafu, na aliyeshawishi mpini wa pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, London, uondolewe wakati wa kipindupindu mwaka 1854. Husimuliwa kana kwamba mpini ulitoka na vifo vikakoma. Ukweli ni kwamba mlipuko ulikuwa umeanza kupungua kabla ya hapo, kwa kuwa wakazi wengi walishakimbia, na Snow mwenyewe alilikubali hilo. Ushahidi wake mzito ulitoka kwingine. Kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji katika mitaa ileile ya kusini mwa jiji: moja ilichota sehemu chafu ya mto Thames, nyingine ilikuwa imehamishia mtambo wake upande wa juu wa mto, kwenye maji safi zaidi, mwaka 1852. Nyumba zilikuwa jirani, watu ni walewale, tofauti ni bomba tu. Snow alihesabu vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 zilizotumia maji machafu, na 37 kwa zile nyingine. Hapo ndipo hoja yake iliposimama, kwenye ulinganisho.

Mikopo midogo ilipitia mtihani huohuo. Kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa inawatoa watu katika umaskini, na shuhuda hazikukosekana. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zilizolinganisha waliofikiwa na mikopo na wasiofikiwa, kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya familia zilipata uhuru zaidi wa kupanga biashara na matumizi yao. Mageuzi makubwa ya kipato yaliyokuwa yakiahidiwa hayakuonekana.

"Tiba inayoeleweka kiakili haina haja ya kujaribiwa"

Mtoto ana homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri. Akili inasema mmiminie maji mengi haraka kupitia mshipa, na ndivyo miongozo ya hospitali nyingi duniani ilivyoelekeza. Watafiti walipotaka kulipima jambo hili katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, wapo walioona kuwa ni ukatili kuwanyima baadhi ya watoto maji hayo ya haraka.

Utafiti huo, uliojulikana kwa jina la FEAST, ulichapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu, na wote walipata dawa na uangalizi uleule. Kilichotofautiana ni maji. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa maji ya haraka. Kwa waliomiminiwa, vifo vilifika asilimia 10.5 katika kundi moja na 10.6 katika jingine, kulingana na aina ya maji. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri usajili usitishwe kabla ya wakati. (Nitahadharishe: watoto walioishiwa maji kwa kuhara hawakuhusishwa. Matokeo haya hayamaanishi mtoto anayeharisha asipewe maji.)

Kwa hiyo wale walioonekana wamenyimwa ndio waliokuwa salama zaidi. Naurudia mfano huu kila ninapoweza, kwa sababu unavunja na dhana ya pili iliyojificha ndani yake, kwamba mshiriki aliyeangukia kundi la ulinganisho ameonewa. Tungekuwa tunajua mapema kundi lipi lina nafuu, jaribio lenyewe lisingeruhusiwa.

"Watu wakielimishwa watabadilika"

Hapa ndipo pesa nyingi za semina zinapoishia. Ripoti inaeleza kuwa watu 500 walihudhuria, picha zikaambatanishwa, na mahudhurio yakaitwa matokeo.

Shirika la BRAC la Bangladesh lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1980 lilituma wafanyakazi wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha, na kwa muda wa mwongo mmoja likafikia kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mwalimu hayakutegemea idadi ya nyumba alizotembelea. Wakaguzi walirudi baadaye kwa baadhi ya kaya, wakamhoji mama anakumbuka nini na kuangalia anavyochanganya, na mwalimu akalipwa kwa kadiri wanafunzi wake walivyoelewa.

Hata hivyo ufuatiliaji ulionyesha jambo la kuudhi: akina mama walijua, lakini mwanzoni waliotumia walikuwa wachache. Shirika lingeweza kuwalaumu. Badala yake lilichunguza, likagundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuyaamini maji hayo. Wakiharisha walikimbilia vidonge. Tena waume na wazee wa kijiji, wenye sauti katika maamuzi ya nyumbani, walikuwa hawajashirikishwa. Hayo yaliporekebishwa, matumizi yakaongezeka. Utafiti usiokuwa na ujasiri wa kuuliza "mbona hawatumii?" ungeishia kusifu alama za juu za mtihani.

"Cha bure hakithaminiwi, na maskini akipewa fedha atazinywea"

Nimeziweka pamoja kwa kuwa ni dharau moja yenye nguo mbili. Ya kwanza ilikuwa sera kabisa: wajawazito wauziwe vyandarua vyenye dawa kwa bei ndogo ili wavithamini. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Kliniki zilipangiwa bei tofauti kwa bahati nasibu, kuanzia bure hadi kama senti 60 za dola. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi kiwango hicho cha juu, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliolipa hawakuonekana kukitumia zaidi ya waliopewa bure. Senti hizo chache hazikuchuja wasiojali. Zilifukuza wenye uhitaji.

Kuhusu pombe: watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti za ruzuku za fedha taslimu kutoka Amerika ya Latini, Afrika na Asia. Kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, na mara nyingine yalipungua. Anayesema "mimi namjua mmoja aliyelewa" huenda anasema kweli, ila sera haitungwi kwa mtu mmoja.

"Watafiti wanatugeuza panya wa maabara"

Hii siwezi kuiita uongo mtupu, na sipendi inavyochekwa kama hadithi ya mumiani. Kuanzia mwaka 1932, idara ya afya ya umma ya Marekani ilifuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ikawa tiba ya kawaida ya kaswende kufikia mwaka 1947, lakini hawakupewa, na utafiti haukusimama hadi magazeti yalipoufichua mwaka 1972. Mwenye kumbukumbu kama hiyo akikataa kutoa damu, ana sababu.

Lisilo kweli ni kudhani kuwa hakuna kilichobadilika. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti, na marekebisho yake yaliyofuata, msingi umewekwa wazi: utafiti wa tiba kwa binadamu upitishwe kwanza na kamati ya maadili, mshiriki aelezwe madhara yanayowezekana, na awe huru kujitoa wakati wowote bila kukosa huduma yake ya kawaida. Unapoombwa kushiriki una haki ya kuuliza ni kamati ipi iliyopitisha, sampuli zako zitakwenda wapi, zitatunzwa kwa muda gani, na matokeo utayapata vipi. Mtafiti anayekereka kwa maswali hayo, achana naye.

Dhana potofu ya upande wa pili ni ya watafiti: fomu ikishatiwa saini, ridhaa imepatikana. Kurasa nane za maneno ya kitaalamu zinazosomwa harakaharaka ni ulinzi wa chuo kuliko wa mshiriki. Mwaka 2017 Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, waliochoka na wageni wa kuwapima na kuondoka, walitoa kanuni zao wenyewe za utafiti. Waliweka masharti ya heshima, ukweli, haki na kujali, na wakasisitiza kuwa lugha ya mtafiti lazima iwe wazi, isiwe ya kisomi. Mtafiti apeleke kwanza pendekezo lake kwao.

"Takwimu ndizo utafiti, mahojiano ni porojo"

Takwimu hukwambia kwamba watu wanaficha maiti. Hazikwambii kwa nini. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi ulioanza kugundulika mwaka 2014, vikosi vya mazishi vilichukua miili bila ndugu kuaga wala kuomba dua, na familia zikaanza kuzika kwa siri, jambo lililoongeza maambukizi. Wanaanthropolojia waliokaa na wafiwa na kuwasikiliza walisaidia kuonyesha kwamba tatizo halikuwa ujinga kuhusu virusi. Mwezi Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye staha, uliowaruhusu jamaa na viongozi wa dini kushiriki bila kugusa mwili.

Namba nazo zinadanganya zikiachwa peke yake, hata zikiwa kubwa. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya wanawake kwa miaka zilionyesha kuwa waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walikuwa na moyo wenye afya zaidi. Mwaka 2002 jaribio la nasibu la wanawake zaidi ya 16,000 nchini Marekani lilisitishwa mapema: mchanganyiko wa homoni mbili uliopimwa haukuukinga moyo, na hatari ya saratani ya matiti ilipanda. Inaelekea waliokuwa wakijichagulia homoni hapo awali walikuwa pia na kipato bora na daktari wa karibu.

"Limechapishwa, basi ni kweli"

Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12, ilitoka katika Lancet, jarida kubwa la tiba. Ilifutwa mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukuona uhusiano huo. Uhakiki wa jarida, yaani wataalamu kuipitia makala kabla haijachapishwa, ni mlango wa kuingilia mjadala tu.

"Utafiti ni anasa, fedha zote ziende kwenye huduma"

Rai hii hutoka kwa watu wema, na kwa hiyo ni ngumu kuipinga mezani. Mamilioni ya visima vya pampu vilichimbwa Bangladesh kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache maji ya madimbwi yenye vijidudu. Vipimo vya maji vya wakati ule havikuhusisha arseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha iliyokuwamo katika udongo wa chini. Miaka ya 1990 vidonda vya ngozi na saratani vilidhihirisha kilichotokea, na mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani liliita tukio hilo sumu kubwa kuliko zote kuwahi kuipata jamii nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilipimwa visima karibu milioni 5, vikapakwa rangi ya kijani palipo salama na nyekundu penye sumu. Familia nyingi zilihamia kisima cha jirani kwa taarifa hiyo tu, bila bomba jipya wala mtambo wa kuchuja. Kisha fedha za upimaji zikapungua, rangi zikafifia, na watu wakaendelea kuchimba visima vipya, vingi vyao bila kupimwa.