Raba ni raba? Kwenye kikombe cha breki hapana

Nimeambiwa tena. "Fundi usijisumbue na sili yake, chomeka oringi yoyote inayoenea, raba ni raba." Jamani. Huwa naitikia tu yaishe, ila leo nimechoka kubishana, naandika hapa, atakayerudia namtumia linki aende akasome.

Naongelea pikipiki za zamani, zile ambazo kikombe cha mafuta ya breki ya mbele ni cha plastiki, kimechomekwa juu ya masta silinda, ile silinda ndogo ambayo leva inasukuma pistoni yake kupeleka mafuta kwenye breki, na katikati kuna sili moja au oringi, yaani pete ya raba ya kuzuia mafuta yasivuje. Ikizeeka inakakamaa, inabaki bapa, na unaanza kuona unyevu chini ya kikombe na rangi ya tangi inatoka malengelenge, maana mafuta ya breki yanakula rangi balaa.

Kwanza hakikisha ni sili kweli. Futa kila kitu kikauke, zungushia tishu chini ya kikombe, nyingine pale leva inaposukuma pistoni, nyingine kwenye bolti ya mpira wa breki, halafu subiri uone ipi inalowa kwanza. Ikilowa ya kwenye leva, chini ya kile kiraba cha vumbi, kikombe hakina kosa, raba za pistoni ndani zimekwisha na unahitaji seti nzima ya raba za masta silinda. Na wengine hawana hata ugonjwa, wamejaza tu mafuta mpaka ukingoni, au walijaza pedi zikiwa zimekwisha halafu wakafunga pedi mpya, pistoni za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zikarudi ndani na mafuta yakapanda juu yakafurika. Nyonya yaliyozidi kwa sirinji, kwisha kazi.

Halafu kuna hii ya "presha ya breki imetoboa sili". Kikombe hakina presha! Presha inazaliwa ndani ya silinda, pistoni ikishapita kile kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikombe. Huko juu ni hewa ya kawaida tu, ndo maana kifuniko kina upenyo wa kuingiza hewa juu ya raba yake. Sili inabeba uzito wa vijiko vichache vya mafuta, basi. Kwa hiyo wewe unayekaza skrubu za kifuniko mpaka zinalia, sili inayovuja iko chini huko, unachofanya ni kupasua plastiki na kung'oa nyuzi. Na skrubu zenyewe kwenye pikipiki za Kijapani ni za JIS, kiwango cha Kijapani, bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai sawasawa humo, inateleza na kula kichwa.

Sasa tuje kwenye raba. Mafuta ya breki yanayoandikwa DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 msingi wake ni glaikoli. Tunayaita mafuta lakini hayana undugu na oili wala petroli, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Raba inayoishi vizuri kwenye glaikoli ni EPDM. Oringi nyingi zilizojaa kwenye maboksi ya gereji, za injini, za kabureta, ni nitrili, ile inayoandikwa NBR, na hiyo ilitengenezwa ivumilie oili na petroli. Ukiziweka kila moja kwake hazina shida miaka. Ukizibadilisha, nitrili kwenye mafuta ya breki inavimba na kulainika, na EPDM kwenye oili au petroli inaumuka kama andazi. Na zote nyeusi, zote duara, kwa macho huwezi kuzitofautisha, mimi mwenyewe siwezi, na anayesema anatofautisha kwa kunusa namwacha na pua yake.

Kinachoniudhi ni kwamba oringi isiyo yake mwanzoni inafanya kazi! Ikianza kuvimba inabana zaidi, uvujaji unakata kabisa, mtu anakuja kunionyesha, "umeona sasa?" Naona. Baadaye inalegea, inaanza kumeguka vipandevipande, na vile vipande haviendi popote zaidi ya chini, kwenye masta silinda. Sasa ndani humo kuna kitundu cha kurudishia mafuta, chembamba kiasi kwamba watu wengi wanafungua masta silinda yao na hawajui hata kama kipo. Kazi yake, ukiachia leva, mafuta yaliyopanuka kwa joto yapate njia ya kurudi kwenye kikombe. Kikiziba mafuta hayana pa kwenda, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski, joto linapanda, mafuta yanapanuka tena, pedi zinabana zaidi, na gurudumu la mbele linaweza kujifunga lenyewe ukiwa barabarani hujagusa chochote. Hii ndo "raba ni raba" yenu. Na wa silikoni msicheke, ile gundi ya gasketi mnayopaka kuzunguka kikombe ikibanduka ndani inafuata njia hiyohiyo.

Ukiwa na mashaka na sili uliyouziwa, kama pakiti ina mbili, kata kipande cha moja ukitumbukize kwenye petroli usiku kucha kisha ukilinganishe na kilichobaki. EPDM itakuwa imevimba waziwazi, nitrili haitajali sana. Uliyoikata tupa. Nakubali hii sio maabara, unaharibu moja ili uiamini ya pili, na kukaa pakiti moja hakuthibitishi ni raba moja. Ila inazidi kunusa.

Na kwa sababu hiyohiyo usioshe hizi sehemu kwa petroli wala dizeli! Umenunua sili sahihi halafu unaiogesha kwenye sumu yake. Osha kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, na kuilainisha wakati wa kuichomeka tumia mafuta hayohayo ya breki au ile grisi nyekundu ya raba za breki. Grisi ya beringi iache kwenye beringi.

Kufungua ni kufupi. Nyonya mafuta, funika tangi kwa kitambaa chenye maji, angalia kama kuna skrubu au klipu ndani chini ya kikombe kabla hujavuta, plastiki ya zamani haina msamaha. Toa sili kwa kijiti, sio ncha ya bisibisi. Pale inapokaa utakuta unga mweupe, ni kutu ya aluminiamu, na ukiuacha sili mpya itavuja kama ya zamani halafu utasema ni feki. Sugua taratibu, ziba matundu uchafu usiingie. Ukikuta vishimo, vitabu vinasema tupa masta silinda nzima. Mimi vikiwa kwenye kiti cha kikombe tu, kusiko na presha, na ni vidogo, narudisha na naendelea kuchungulia, na ukweli ni kwamba kuna zilizokaa na kuna zilizonirudisha dukani kutafuta masta nyingine. Ndani kunakopita pistoni, hapo sina huruma, kishimo kimoja naitupa.

Raba ya kifuniko kama imechanika badilisha pia, ndo inayozuia mafuta yasinywe unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya 230°C, ikishanyonya maji kipimo kinashuka mpaka 155°C. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, na DOT 5 sio DOT 5.1, hiyo 5 ni ya silikoni, usichanganye.

Mwisho toa upepo. Anza kwa kubinya leva kidogo kidogo, vipovu vitapanda kwenye kikombe, kisha malizia kwenye kalipa. Kuna wanaofunga leva kwa kamba usiku kucha, na mimi nafanya, ingawa kinadharia inanitatiza, maana leva ikibinywa pistoni inakuwa imekiacha nyuma kile kitundu, sasa vipovu vinatokaje? Pengine vinapanda taratibu na kungoja kamba ifunguliwe. Mara nyingi leva inaamka ngumu zaidi. Ikiwa bado inafika kwenye hendeli, hujamaliza, rudi kwenye kalipa.