Chemba ya biashara na fedha za ubunifu: yanayosemwa Arusha na Moshi, na yaliyo kweli

Miongoni mwa wenye karakana za Unga Limited jijini Arusha na wasindikaji wadogo wa Moshi, imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo Tanzania, yaani TCCIA, ambacho wengi hukiita chemba, kina mfuko ambao ofisi ya mkoa huwagawia wanachama wake. Imani hii inazaa uchungu usio wa lazima, kwa maana mtu hulipa ada, husubiri, na mwaka ukiisha bila kupata kitu huondoka akiamini kwamba ametapeliwa. Ukweli ni kwamba chemba, iliyoanzishwa mwaka 1988 na yenye ofisi za mikoa na wilaya, ni chombo cha wafanyabiashara wenyewe. Si benki wala si idara ya Serikali. Fedha za ubunifu, yaani zile za kuwasaidia wanaobuni vifaa au njia mpya, ziko kwingine. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayosimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ina mfuko wake wa kukopesha wajasiriamali, na wafadhili na mabenki nao wana programu zao.

Je, basi chemba ina faida gani? Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama ada itakuwa hasara au mtaji. Tuchukue mfano wa fundi wa Moshi aliyebuni kaushio la ndizi linalotumia jua na kupunguza muda wa kukausha. Kifaa chake kinafanya kazi, na majirani wanakinunua. Tangazo la ruzuku linapotoka, anatakiwa kuonyesha usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, namba ya mlipakodi, leseni, hesabu zilizoandikwa, maelezo ya soko, matokeo ya majaribio na, mara nyingi, mshirika wa kitaalamu. Yote hayo anayajua, lakini yamo kichwani mwake na katika daftari lenye madeni ya wateja. Kinachomwangusha ni karatasi, ilhali kaushio lenyewe halina kasoro.

Chemba inayofanya kazi yake ipasavyo huingia katika pengo hilo. Hupata habari za matangazo mapema na kuzifikisha kwa wanachama kabla tarehe ya mwisho haijakaribia. Humkutanisha fundi na mtu anayeweza kupanga hesabu zake. Humwandikia barua ya utambulisho. Na hupeleka kilio cha wengi kwa wenye mamlaka pale masharti yanapowafungia nje wadogo. Chemba pia ndiyo inayotoa vyeti vya uasili wa bidhaa, vinavyoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kwa wanaouza nje ya nchi, na kwa mfanyabiashara anayetarajia kuvusha mzigo mpakani Namanga au Holili, cheti hicho kinamsaidia kumwonyesha mfadhili kwamba soko analolitaja lipo kweli.

Upande wa utaalamu, mikoa hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, imejaliwa. Jijini Arusha kuna TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini. Tengeru ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Moshi kipo Chuo Kikuu cha Ushirika. Fundi mmoja mmoja huogopa kubisha hodi katika taasisi kama hizo, na ninaona kwamba hakuna kazi ya chemba ya mkoa iliyo kubwa kuliko kumshika mkono na kumwingiza ndani.

Wapo pia wanaoamini kwamba fedha za ubunifu ni za vijana wa kompyuta peke yao. Hilo linakanushwa na Tengeru penyewe: mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alichokuwa ametengeneza ni chujio la maji lenye mchanga na nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno, linaloweza kuondoa hata floraidi, madini ya majini ambayo watu wa maeneo ya Meru wanaijua kwa madhara yake kwenye meno. Kuboresha njia ya kufanya jambo la kila siku ni ubunifu kamili.

Dhana kwamba chemba ni ya matajiri haina haja ya maneno mengi. Uanachama uko wazi kwa biashara ndogo, na wadogo wakikaa nje, ajenda ya vikao itapangwa na wakubwa waliohudhuria.

Kuhusu ruzuku, wengi huiita fedha ya bure. Hairudishwi, ni kweli, lakini kwa kawaida hutolewa kwa awamu, kila awamu ikidai taarifa na risiti, na baadhi ya wafadhili humtaka mwombaji achangie sehemu yake. Isichanganywe na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo haina riba, ila ni deni na lazima ilipwe.

Limebaki jambo la kuibiwa wazo, ambalo huwafanya mafundi wengi wasiombe kabisa. Hofu hiyo ina msingi, lakini kunyamaza hakulindi chochote. Sheria ya hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, hailindi wazo tupu. Hulinda uvumbuzi mpya unaoweza kutumika viwandani, na kwa Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA. Kwa hiyo mwenye karakana aulizie hataza kabla ya kupeleka kifaa kwenye maonesho ya Nane Nane pale Njiro, aandike tarehe kwenye kila mchoro, na aiombe ofisi ya chemba imwelekeze kwa mwanasheria wa kumwandalia mkataba wa kutunza siri, utakaosainiwa kabla michoro haijafunguliwa mezani.