Mtoto mdogo na daktari wa meno: maswali ya wazazi wa Mwanza

Mtoto apelekwe kwa daktari wa meno akiwa na umri gani?

Jino la kwanza kwa kawaida huota karibu na miezi 6, na wataalamu wanashauri mtoto aonwe ndani ya miezi 6 tangu jino hilo litokeze, au kabla hajatimiza mwaka 1. Wazazi wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa tumezoea kumpeleka mtoto baada ya kukesha akilia, wakati jino limekwisha kutoboka na mara nyingi kilichobaki ni kuling'oa. Mtoto ambaye safari yake ya kwanza ni ya sindano ya ganzi ana haki ya kuiogopa ya pili.

Kwani meno ya utotoni hayatang'oka yenyewe?

Yatang'oka, lakini magego ya utotoni mtoto huyatumia hadi miaka 10 au 12, na ndiyo yanayowatunzia nafasi meno ya ukubwani yaliyo chini yake. Yaking'olewa mapema, meno jirani huegemea kwenye pengo na jino jipya huota upande. Zaidi ya hayo, karibu na miaka 6 gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya mengine bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi hudhani ni la utotoni na kuliacha lioze, ilhali halina mbadala.

Mtoto asiyetulia kwenye kiti anapimwaje?

Mama na daktari hukaa wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto hupakatwa akimwelekea mama, kisha hulazwa chali taratibu mpaka kichwa kitue mapajani mwa daktari, huku mama akimshika mikono. Akilia si neno, kwani kinywa hufunguka vizuri zaidi. Uchunguzi huchukua dakika chache, na pale inapohitajika meno hupakwa dawa ya floraidi ya kuyaimarisha. Tafadhali, nyumbani msimtishe mtoto mtukutu kwamba atapelekwa kwa daktari ang'olewe meno.

Mtoto ana homa na anaharisha, na jirani anasema ni meno ya plastiki. Nifanye nini?

Mpeleke kituo cha afya, wala usimpeleke kwa mtu wa kuchokonoa fizi. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki, yaani kile kivimbe cheupe kinachoonekana kwenye ufizi wa mtoto mchanga, ni mahali ambapo chonge la utotoni linajiandaa kuota. Kila mtoto anacho, awe mgonjwa au mzima. Kukichimba kwa kifaa kisicho safi kunaweza kuleta damu nyingi, pepopunda au maambukizi mengine, na kunaweza kuharibu hata chimbuko la jino la ukubwani. Wakati huohuo ugonjwa wenyewe unaendelea, na kwetu huku kandokando ya ziwa homa ya mtoto inahitaji kipimo cha malaria siku hiyohiyo, na kuharisha kunahitaji maji ya ORS (ya kurudisha maji na chumvi mwilini) na vidonge vya zinki. Watoto wamepoteza maisha kwa ucheleweshaji huu, nami naomba kila bibi na shangazi anayelea mjukuu alijue jambo hili.

Nyumbani nitazame nini?

Mara moja kwa mwezi, mkiwa mahali penye mwanga, inua mdomo wa juu wa mtoto utazame meno pale yanapokutana na fizi. Mstari mweupe uliofifia kama chaki ni dalili ya kuoza kunakoanza, na hapo bado kunaweza kuzuiwa. Mtoto asilale na chupa ya maziwa au uji wenye sukari. Mswaki uwe mara 2 kwa siku, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha cha punje ya njegere, na mtu mzima ndiye apige mswaki.

Mwanza tuende wapi?

Huduma za kinywa na meno zipo katika Hospitali ya Kanda ya Bugando, katika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure na katika hospitali za wilaya. Anayetoka visiwani aulize kwanza hospitali ya wilayani kwake kabla ya kupanda meli. Mjini fikeni asubuhi, mtoto akiwa amelala vizuri, na mbebe kadi yake ya kliniki pamoja na dawa zozote anazotumia.