Kaswende imeshatibiwa, mbona kipimo bado kinasoma mistari miwili?

Chukua mama aliyekutwa na kaswende kliniki ya wajawazito, mimba yake ya kwanza. Akachomwa sindano ya penisilini ya benzathini, mumewe naye akachomwa, yakaisha. Miaka mitatu baadaye ana mimba ya pili. Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo cha plastiki, wanasubiri dakika 15 au 20. Mistari miwili. Jioni nyumbani swali ni moja tu: umeitoa wapi tena?

Huenda hakuitoa popote. Kipimo hicho cha haraka hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza kupambana naye, na hizo hubaki kwenye damu miaka mingi, kwa watu wengi maisha yote, hata bakteria wakiwa wameisha kabisa. Ni kovu. Kovu litakwambia uliwahi kuumia, ila halisemi kama kidonda bado kibichi.

Kujua kama ugonjwa upo sasa hivi kunahitaji kipimo cha aina nyingine, RPR au VDRL, na hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu kidogo. Kitendanishi chake, yaani dawa ya maabara ya kupimia, kina mafuta yaitwayo kadiolipini, ambayo kwa asili yalitolewa kwenye moyo wa ng'ombe! Mtu mwenye kaswende hai hutengeneza pia kingamwili dhidi ya mafuta ya namna hiyo. Kwenye RPR mafuta hayo yamechanganywa na chembe za mkaa. Mtaalamu wa maabara huweka majimaji ya damu kwenye kadi nyeupe, anadondosha kitendanishi, kadi inazungushwa kwenye mashine dakika 8. Zile kingamwili zikiwepo, chembe nyeusi hushikana mabonge unayoyaona kwa macho. Zisipokuwepo, inabaki rangi ya kijivu iliyotulia.

Kisha damu huzimuliwa nusu kwa nusu: 1:2, 1:4, 1:8, kuendelea, na jibu ni hatua ya mwisho ambayo mabonge bado yanaonekana: namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi. Aliyekuwa 1:32 kabla ya sindano akishuka hadi 1:8 au chini yake, dawa imefanya kazi. Akipanda kutoka 1:2 hadi 1:8, kuna uwezekano mkubwa ameambukizwa upya, maana kuugua kaswende mara moja hakukukingi na ya pili. Wapo pia wanaobaki na namba ndogo isiyoshuka tena ingawa walitibiwa vizuri, na RPR yenyewe hudanganyika mara nyingine, kwa mfano mtu akiwa na malaria. Ndiyo maana kipimo cha haraka na RPR husomwa pamoja.

Kwa hiyo ile kadi ya kliniki yenye tarehe ya sindano na majibu ya RPR usiitupe. Ukifika kituo kipya sema mapema kwamba uliwahi kutibiwa, kabla hujatobolewa kidole. Mjamzito asiye na kumbukumbu yoyote kwa kawaida huchomwa tena, na hiyo si adhabu wala ushahidi wa uzinzi: kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, na sindano inatakiwa ipatikane angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Mume naye aende apimwe siku hiyohiyo, badala ya kukaa nyumbani akihesabu mistari ya mkewe.