Saint-Tropez kabla ya sinema: dhana potofu na ukweli kuhusu bandari ndogo ya Mediterania

Ukitaja Saint-Tropez, mji mdogo wa bandari katika pwani ya kusini mwa Ufaransa wenye wakazi wa kudumu wasiofika 5,000, wengi hukumbuka mashua za kifahari, matajiri na waigizaji wa filamu. Picha hiyo si ya uongo, lakini imefunika historia ndefu ya mji uliojitawala, ukajilinda kwa silaha zake wenyewe na kuishi kwa kazi ya ubaharia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Saint-Tropez kilikuwa kijiji cha wavuvi kisichojulikana hadi mwaka 1956, mwongozaji Roger Vadim alipopiga filamu huko na mwigizaji Brigitte Bardot. Wavuvi walikuwepo, na mtaa wao wa La Ponche, pamoja na ufuko wake mdogo, upo hadi leo. Ila si uvuvi uliouinua mji. Vita vya karne za kati viliuacha ukiwa magofu, na mwaka 1470 bwana wa Grimaud, mji jirani, alikubaliana na Raphaël de Garezzio, kabaila kutoka Genoa, kwamba alete familia 60 zije kuujenga upya. Masharti yalikuwa wazi: wakazi wangejenga kuta na kuulinda mji wao, nao wangesamehewa kodi. Kwa takriban karne mbili, mpaka Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipofuta haki hizo mwaka 1672, Saint-Tropez iliendeshwa na viongozi wake, ikawa na askari wake na, kuanzia mwaka 1558, kamanda wa mji aliyechaguliwa kuwaongoza. Tarehe 15 Juni 1637, merikebu za makasia za Kihispania zaidi ya 20 zilipouvamia mji, wakazi hao ndio waliozirudisha baharini.

Kufutwa kwa haki hizo hakukuwatenga watu na bahari. Katika karne ya 18 manahodha wa Saint-Tropez walijulikana kwa kukodisha vyombo vyao kwa wafanyabiashara wa Milki ya Osmani, wakibeba shehena na abiria kutoka bandari moja ya milki hiyo hadi nyingine, mara nyingi wakikaa safarini muda mrefu bila kurejea kwao. Huu ulikuwa mji mdogo wenye macho ya mbali. Ushahidi mmoja ungali umesimama katikati ya mji: ni nyumba aliyoijenga Jenerali Jean-François Allard, mzaliwa wa hapo, aliyekuwa afisa katika jeshi la Napoleon kisha akaenda Lahore, katika Pakistan ya leo, kumtumikia Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa dola ya Masingasinga. Aliijenga mwaka 1835 kwa ajili ya mkewe Bannou Pan Deï, mwanamke kutoka Chamba, katika milima ya kaskazini mwa India. Allard alirudi kazini na kufariki mwaka 1839; mjane wake alibaki Saint-Tropez hadi kifo chake mwaka 1884. Ni vigumu kuuita mji wa namna hiyo kijiji kilichokuwa kikisubiri kugunduliwa.

Hata kwa upande wa sanaa, sinema ilichelewa. Mchoraji Paul Signac alifika mwaka 1892 kwa chombo chake cha tanga, akanunua nyumba miaka mitano baadaye na kuwaalika wenzake, akiwemo Henri Matisse aliyekaa huko majira ya joto ya mwaka 1904. Jumba la makumbusho la Annonciade, lililowekwa ndani ya kanisa dogo la zamani kando ya bandari, lilifunguliwa mwaka 1955 likiwa na kazi za wachoraji wa kizazi hicho, yaani mwaka mmoja kabla ya filamu ya Bardot.

Wageni wengi pia huamini kwamba nyumba za rangi ya chungwa na waridi zilizojipanga gatini zimesimama hivyo tangu zamani. Mnamo Agosti 1944, majeshi ya Washirika yalipokuwa yakishuka katika pwani hiyo, Wajerumani waliilipua bandari, na sehemu kubwa ya nyumba za mbele zikabomoka. Zinazoonekana leo zilijengwa upya baada ya vita kwa kufuata sura ya zile za awali, uamuzi ambao naona uliiokoa haiba ya mji, kwa kuwa ingekuwa rahisi kusimamisha majengo ya zege ya kisasa kama ilivyofanyika katika bandari nyingine zilizoharibiwa.

Dhana nyingine inahusu sherehe za Bravade, zinazofanyika tarehe 16 hadi 18 Mei, ambazo baadhi ya watu huzichukulia kuwa maonyesho ya kuwafurahisha watalii. Sherehe hizo ni ibada ya kumheshimu Mtakatifu Torpes, msimamizi wa mji, na ni urithi wa lile jeshi la wakazi. Kamanda wa mji angali anachaguliwa kila mwaka. Wanaume waliovaa sare za kijeshi na za kibaharia huisindikiza sanamu ya mtakatifu mitaani, wakifyatua bunduki fupi zenye midomo mipana kuelekea ardhini, hata vichochoro vikajaa moshi wa baruti na wapiga ngoma wasionekane vizuri. Mtalii akiwepo, anakaribishwa kutazama. Asipokuwepo, sherehe haipungui kitu.

La mwisho ni fupi. Ufuko wa Pampelonne, ambao magazeti huuita ufuko wa Saint-Tropez, uko katika eneo la wilaya jirani ya Ramatuelle, upande wa pili wa rasi. Bandari yenyewe inaelekea kaskazini, jambo lisilo la kawaida katika pwani hiyo, hivyo huupokea upepo mkali wa mistral usoni. Anayetaka kuwafahamu waliouzoea upepo huo apande hadi ngome ya karne ya 17 iliyo juu ya mji, ambako makumbusho ya historia ya bahari yanaeleza maisha ya mabaharia wa Saint-Tropez.